Mkono Uliokufa Ganzi Njia ya Mikumi

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku zangu zote, mwanangu, na si siku ya harusi yangu wala siku niliyonunua pikipiki. Ni siku tuliyomzika bibi yako kule kijijini kwetu Ulaya, kwenye njia ya Mikumi. Mikono yangu hii miwili ilinitia aibu siku hiyo, aibu ambayo sijamsimulia mtu mpaka leo, hata mke wangu. Nakusimulia wewe kwa sababu jana nimekuona. Ulisimamisha pikipiki hapo nje, ukadhani hakuna anayekutazama, ukaanza kuukung'uta mkono wa kulia kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Ukaukung'uta, ukaupuliza, ukaukung'uta tena. Kisha ukaingia ndani unacheka, "Shikamoo mjomba," na chai ukaipokea kwa mkono wa kushoto.

Basi kaa. Mvua hii haiachi kabla ya adhuhuri, na njia ya Mikumi leo ni tope tupu. Abiria wako hawakimbii. Hiyo simu iweke mfukoni, nami sitakuchelewesha sana.

Mimi niliingia kwenye kazi hii wakati pikipiki za kichina ndiyo zinaanza kujaa Kilosa. Kabla ya hapo nilikuwa nalima mpunga pamoja na mama yangu, yaani bibi yako. Baba yetu alikufa sisi tukiwa wadogo, mimi na mama yako Mwanaidi, na bibi yako hakuolewa tena. Alitulea kwa jembe. Siku nilipofika Ulaya na pikipiki yangu mwenyewe alitoka jikoni na unga mikononi, akaizunguka mara mbili, akaipapasa tenki, akaacha alama nyeupe za vidole pale. Sikuzifuta mpaka mvua ilipozifuta yenyewe. Nilikuwa kijana bado, nina nguvu, nina kichwa kigumu, na nilikuwa najisikia sana.

Kijiwe chetu kilikuwa karibu na stendi pale Kilosa. Madereva tulikuwa wa aina mbili. Wako waliozunguka mjini, kituo cha treni, hospitali, sokoni, wakirudi nyumbani kula mchana. Na tulikuwapo sisi wa Mikumi. Sisi ndio tuliopeleka watu barabara kuu wakapande mabasi, tukarudi na wengine, kwenye ile njia ya vumbi yenye mawimbi madogomadogo yanayotikisa mpaka meno. Siku hizi mnalalamika. Wakati ule hata pa kulalamikia hapakuwapo.

Sasa nikuambie upumbavu wetu, maana naona na nyinyi mmeurithi, mmebadilisha rangi tu. Watu wa Mikumi tulikuwa na alama yetu. Tulikuwa tunakata ukanda kwenye tyubu kuukuu, ule mpira wa ndani wa tairi, upana wa vidole viwili, tunauzungusha mara tatu kwenye kifundo cha mkono wa kulia na kuukaza mpaka mishipa inasimama. Mtu mmoja, sijui nani, alisema tyubu inazuia mkono usitikisike kwenye mawimbi. Basi ikawa dini. Tena hukuruhusiwa kujifunga hivihivi. Ilikuwa lazima kwanza uende Mikumi na kurudi mara mbili kwa siku moja, na kijiwe kishuhudie. Siku nilipomaliza safari ya pili, jua linazama, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, wenzangu walinisimamisha katikati, mkubwa wa kijiwe akanifunga tyubu, wengine wote wakapiga honi kwa pamoja. Mwanangu, nilijiona kama nimevishwa uwaziri.

Upumbavu wa pili ulikuwa ni klachi na breki. Vile vishikio vya mbele tulikuwa tunavilegeza na kuviinua vitazame juu, ili pikipiki ionekane ya kijana. Wa tatu unaujua mwenyewe: mishikaki. Abiria watatu nyuma na mzigo juu yake, dereva anasukumwa mpaka anakalia tenki, tumbo limegusa usukani, na uzito wote wa mwili unaangukia vifundo vya mikono. Saa mbili na zaidi unakwenda hivyo. Ukifika Mikumi unashuka mikono bado imejikunja, kama umeshika kitu ambacho hakipo, na watu wanacheka na wewe unacheka.

Ilianza kama sisimizi wanatembea ndani ya ngozi. Dole gumba, cha shahada na cha kati. Ninaukung'uta mkono, wanaondoka. Mwezi mmoja baadaye wakawa wanarudi nikiwa nimelala, naamka alfajiri mkono mzito, vifungo vya shati vinanishinda. Mke wangu akiuliza nasema nimeulalia. Kijiweni nikamwambia rafiki yangu mmoja, kwa siri, naye akaniangalia kwa huruma akasema, "Umetupiwa kitu, kaka. Kuna mtu anaionea wivu njia yako ya Mikumi." Tukaenda kwa mganga. Akanichanja chale mbili hapa, tazama, makovu bado yapo, akapaka dawa nyeusi. Chale zilipona vizuri. Ganzi ikabaki palepale. Na mimi, kwa akili yangu ya wakati ule, nikaona dawa ni kuikaza tyubu zaidi.

Siku moja injini ikaanza kugonga, nikaipeleka Kimamba kwa fundi mmoja mzee, Fundi Matimbwa. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana wake, mpaka mashamba yakalala, kisha akafungua kibanda chake karibu na reli. Mtu wa maneno machache, tena makali. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba," huku anautazama mkono wangu na si pikipiki.

"Unaumwa?" akauliza.

"Hapana mzee. Ni uchovu tu."

"Lete mkono. Fumba macho."

Nikafumba. Nikangoja. Nikasikia upepo, nikasikia kuku wanaparua pale nje, nikaona huyu mzee ananichezea. Nikasema, "Mzee, mbona hunigusi?"

Akasema, "Nimekubonyeza tangu ulipofumba macho."

Nikafumbua. Alikuwa ameshika ncha ya kidole changu cha shahada na ukucha wake wa gumba umezama kwenye nyama kabisa, mpaka pamekuwa peupe. Sikuwa nimesikia chochote. Niliogopa, mwanangu, nakuambia ukweli. Lakini usoni nikatabasamu.

Fundi Matimbwa hakutabasamu. Aliniambia nipande pikipiki, nishike kama ninavyoshika njiani. Akachukua fito nyembamba, akailaza juu ya mkono wangu kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Haikulala. Mkono wangu ulikuwa umepinda kwa juu pale kwenye kifundo, kwa sababu ya vile vishikio nilivyoviinua. "Unaona?" akasema. "Kila ukivuta klachi, unaukaba mshipa unaopita hapa. Halafu umeufunga na mpira juu yake, kama unaogopa kwamba hautakufa haraka. Mimi nimekaa na mashine za mkonge maisha yangu yote. Nimeona watu waliopoteza mkono kwa dakika moja, nao wangetoa chochote warudishiwe. Wewe unaupoteza kidogokidogo, na mafuta unajaza mwenyewe."

Akachukua spana, akavishusha vishikio vyangu mpaka fito ikalala sawasawa. Akautia waya wa klachi oili, nikaushangaa ulivyokuwa mwepesi, unavutwa kwa vidole viwili. Akakaza nati za injini zilizokuwa zimelegea, akasema nusu ya mtikisiko niliokuwa nao ilitoka huko. Mwisho akanyoosha mkono aikate tyubu. Nikaurudisha mkono wangu nyuma. Nilimwambia, "Hii niachie mzee, nitaitoa mwenyewe."

Alinitazama sana. "Haya," akasema. "Ni mkono wako."

Niliendesha kutoka Kimamba mpaka Kilosa nikijisikia kama nimekalia pikipiki ya mtu mwingine, ilivyokuwa tulivu. Nikafika kijiweni. Hazikupita dakika tano. "Oya, tazameni breki za bibi harusi!" mmoja akapiga kelele. "Mzee wa Mikumi sasa anapeleka akina mama kliniki." Wakacheka mpaka wakapigana mabega. Jioni ileile, kwa spana ya kuazima, nikaviinua tena vishikio vyangu vitazame juu. Mwanangu, nimefanya makosa mengi maishani, mengine makubwa zaidi ukiyatazama kwa macho ya watu. Lakini hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nilishaambiwa, nilishaonyeshwa, nilishahisi nafuu kwa mkono wangu mwenyewe, na nikaiacha kwa sababu ya kicheko cha watu ambao leo hata majina yao wengine nimeyasahau.

Baada ya fundi, aliyenisemesha ni bibi yako. Nilikwenda Ulaya siku ya gulio, akanipa uji kwenye bakuli. Nikalipokea, nikageuka kumjibu mama yako, bakuli likaanguka. Sikusikia linavyoniponyoka. Nilisikia linavyovunjika. Mama yako akaokota vigae, na bibi yako akanikalisha karibu naye kwenye mkeka, akauchukua mkono wangu, akaupindua, akaupapasa hapa chini ya dole gumba ambapo nyama ilikuwa imeanza kuisha.

Akasema, "Athumani, huu mkono una nini?"

"Hauna kitu, mama. Ni kazi tu."

"Usiniongopee. Kaka zangu wote wameshatangulia. Wewe ndiye mwanamume wangu. Siku yangu ikifika nataka unipokee wewe, kwa mikono yako. Sitaki kupokewa na watu baki."

Nikamwambia, "Mama, habari gani hizo asubuhi yote hii?" Nikacheka. Nikampa pesa ya sukari. Nikawasha pikipiki nikaondoka. Ndivyo tulivyo vijana, tukiambiwa neno zito tunatafuta funguo.

Alikufa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Hakuumwa sana, siku nne tu, kifua. Nilikuwa Mikumi nangoja abiria, simu ikaita, ilikuwa ni mama yako, na kabla hajasema chochote nilijua kwa namna alivyokuwa anapumua. Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka tu kwamba niliikamata ile pikipiki kwa nguvu zangu zote, nikikanyaga kila wimbi la njia ile, na nilipofika Ulaya na kushuka, mikono yote miwili ilikuwa mbao.

Siku ya pili tukamzika. Unajua utaratibu wetu. Marehemu ni mwanamke, basi watakaoshuka kumpokea ni wale wa ndani, na juu watu hushika shuka kufunika kaburi asionekane. Tulishuka watatu. Mimi upande wa kichwani, kwa kuwa ni mwanawe. Baba yako Salehe katikati, maana mkwe naye ni mwana. Na Kibwana, mtoto wa marehemu kaka yake mama, upande wa miguuni. Shuka likatandazwa, kukawa na giza kidogo na harufu ya udongo mbichi. Nilikuwa nimevaa kanzu ya mikono mirefu. Chini ya ule mkono wa kanzu, mwanangu, tyubu bado ilikuwepo. Sikuwa nimeitoa hata kwa ajili ya mama.

Ningeweza kusema. Hapo ndipo moyo unaponikatika mpaka leo. Kabla hatujashuka, Salehe aliniuliza kwa sauti ya chini, "Utaweza?" Alidhani ananiuliza kuhusu uchungu. Ningesema tu, mikono yangu haina nguvu, kaa wewe kichwani, nami nishike katikati tusaidiane. Hakuna ambaye angenilaumu. Nikasema, "Nitaweza."

Wakamteremsha. Bibi yako alikuwa mwepesi, miaka ile ya mwisho alibaki mifupa. Nikanyoosha mikono nikampokea, na nilijua nimemshika kwa sababu nilikuwa namwona. Kumsikia, sikumsikia. Nilikuwa namshika mama yangu kwa mara ya mwisho katika dunia hii na kwenye viganja vyangu hapakuwa na kitu. Si uzito wake, si sanda, si chochote. Nikajaribu kukaza vidole. Mkono wa kulia ukafunguka wenyewe.

Bega lake likashuka. Salehe alipiga goti haraka, akamkinga kwa paja lake, asiguse chini vibaya. Udongo ukamwagika kidogo kwenye sanda, mweusi juu ya nyeupe. Kibwana akavuta pumzi. Mimi nikabaki nimeinama, mikono imening'inia, mdomo wazi. Tukamlaza taratibu, wao wawili wakifanya kazi na mimi nikigusagusa ili ionekane na mimi nipo.

Nikadhani yameisha. Kumbe lililobaki ndilo kubwa. Ukishamlaza marehemu ubavu wake wa kulia, unalegeza vile vifundo vya sanda, na cha kichwani kilikuwa changu. Kifundo chepesi, mwanangu, wanawake waliomwosha walikifunga kwa huruma, mtoto wa miaka mitano angekifungua. Nikakishika. Vidole vikateleza. Nikakitafuta tena, sikujua kama nimeshika kifundo au nimeshika hewa. Jasho likanitoka likadondokea kwenye sanda ya mama. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Nao uleule. Juu ya shuka mtu akauliza, "Vipi huko chini?" Nikajaribu kwa meno ya moyo wangu, sijui nisemeje, nilitaka hata kulia kwa sauti.

Salehe akapitisha mkono mbele yangu. Akakifungua kwa vidole viwili. Kisha akapaza sauti, "Tayari."

Kibwana akanigusa mgongoni, akaninong'oneza, "Pole kaka. Ni uchungu." Nami nikaitikia kwa kichwa. Nikaacha aamini hivyo. Habari ikatoka kaburini ikafika msibani, na siku tatu zile watu walikuwa wakinijia kunipa mkono wa pole na kunisifu, kwamba nilimpenda mama yangu kiasi kwamba mikono ilikataa kumwachia ardhi. Walinisifu, mwanangu! Wazee watu wazima. Nami nikapokea sifa hizo, kila mkono niliopewa nikiutazama tu, siusikii.

Baba yako hakuamini. Siku tulipomaliza hitima alikuja nyuma ya nyumba nilipokuwa nimekaa peke yangu. Alikuwa na wembe. Akaupandisha mkono wa kanzu yangu, akaikata tyubu, akaitupa jalalani, akarudi kwa wageni. Hakusema neno siku ile na hajasema mpaka leo. Ukimtazama baba yako ukamwona mkimya, usidhani hana la kusema.

Nilikwenda hospitali baada ya hapo. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo ulikuwa umebanwa kwa muda mrefu mno. Walinipasua. Sisimizi waliondoka, maumivu yakaondoka, lakini nyama iliyokwisha haikurudi, na hisia zimerudi nusu nusu tu. Nilimuuliza kama ningekuja mapema ingekuwaje. Akaangalia karatasi zake. Akasema, "Mzee, tushukuru kwa hiki kilichobaki."

Sasa unaelewa kwa nini mke wangu hunifunga vifungo vya shati. Unaelewa kwa nini sikumpakata mwanao mlipomleta, nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Naogopa kupakata mtoto bila mtu wa kukaa karibu yangu. Mwaka jana niliungua kiganja kwa sufuria, nikajua kwa harufu.

Lete huo mkono wako. Hapana, wa kulia. Usiuvute. Bado una nyama, alhamdulillahi. Bado hujachelewa, wewe. Sasa nisikilize vizuri, na usinikatize.

Ukishika usukani, mkono uwe umenyooka kutoka kiwiko mpaka vidoleni, usipinde kwa juu wala kwa chini. Vishikio vya klachi na breki vishushwe mpaka mkono ulale hivyo, na wakikucheka waache wacheke, mikono si yao. Shika kama unavyoshika kifaranga, asitoroke wala asife. Najua njia ikiwa mbaya mtu anataka kukaba. Ukikaba, mtikisiko wote unaingia kwako. Jishikilie kwa magoti, yabane kwenye tenki, mgongo ufanye kazi yake, viwiko vikunjike kidogo, na mikono ibaki na kazi ya kuongoza tu. Na hutaweza kufanya hivyo hata kidogo ukibeba mishikaki. Abiria mmoja. Kaa mahali pako pa kukaa, tenki si kiti.

Waya wa klachi utie oili kabla haujaanza kukulilia. Nati za injini zikague, upepo wa matairi uangalie. Usizungushie mipira pale unaposhika usukani mpaka pakawa panene kama mchi, mkono unachoka kupakumbatia. Vaa glavu, hata kukiwa na joto. Na ukitoka Kilosa, ukifika Ulaya simama. Zima pikipiki, shuka, fungua na kufumba vidole, nyoosha mikono, zungusha mabega, kunywa maji. Abiria akinuna mwambie mjomba wako ndiye aliyekuagiza. Sisimizi wakianza njiani usiwapuuze, simama hapohapo. Na hicho kitambaa ulichojifunga hapo kwenye kifundo, naona sasa ni kitambaa cha rangi za timu, si tyubu tena, kitoe. Kitoe sasa hivi nikuone.

Vizuri.

Jambo la mwisho ni hospitali. Kesho usiende Mikumi. Nenda ukaonyeshe mkono. Ganzi ina sababu nyingi, daktari yule aliniambia, hata sukari inaweza kuleta, kwa hiyo mimi siwezi kukutibu hapa barazani na rafiki zako wa kijiweni hawawezi. Ukiulizwa una nini, sema ukweli. Usiseme uchovu. Usiseme umelalia mkono. Mimi nilikuwa na watu wanne walioniuliza, mke wangu, fundi, mama yangu na baba yako, na wote wanne niliwaficha. Kuumia si aibu, mwanangu. Aibu yangu mimi ilitokana na kuficha.

Mvua inapungua, naona unataka kunyanyuka. Nyanyuka. Mwenyezi Mungu akulinde na njia ile, akuepushe na vumbi lake na mawimbi yake na maneno ya watu wake. Akuachie vidole vyako vyote kumi na uhai ndani yake. Umpakate mwanao umsikie joto lake, umshike mkono mkeo uzeeni ujue ni wake hata ukifumba macho. Na siku ya mama yako ikifika, Mungu aicheleweshe sana, ikukute una mikono ya kumpokea.